Navikunja vipeperushi vya wasio na makazi, na mimi mwenyewe nalala stoo

Mpendwa dada mshauri,

Nina miaka 51 na nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Yangu ni ile kazi ya mwisho mwisho: kukata, kukunja, kupiga gundi, kuhesabu na kufunga mizigo ya wateja. Huu ni mwaka wangu wa 19 hapa. Mimi ndiye nafungua asubuhi na kufunga jioni, kwa hiyo funguo ziko kwangu. Nakutajia funguo kwa sababu ndizo zilizonifikisha hapa nilipo.

Miezi 7 sasa nalala kwenye stoo ya karatasi. Bosi hajui, wenzangu hawajui, binti yangu hajui. Jioni nafunga na kuondoka kama wengine, nazungukazunguka mitaani hadi taa za ofisi za jirani zizimwe, kisha narudi kwa mlango wa nyuma. Natandika makatoni katikati ya marundo ya karatasi. Taa siwashi. Shati la kesho yake nalikunja vizuri nikalilaza chini ya rimu nne, na asubuhi linatoka limenyooka kana kwamba limepigwa pasi. Mwezi uliopita mwenzangu mmoja alinisifu kwa unadhifu. Nilicheka naye, kisha nikaenda chooni nikakaa huko muda mrefu.

Mke wangu alifariki miaka 4 iliyopita. Binti yetu ana miaka 16, anakaa kwa mama yake mdogo kwa sababu ni karibu na shule, na shemeji yangu anamlea vizuri, sina lawama. Mwaka juzi nilimdhamini rafiki yangu achukue mkopo. Rafiki akatoweka, mkopo ukabaki na jina langu. Karibu nusu ya mshahara inakatwa kila mwezi, na bado miezi 14. Kodi ya nyumba ikanishinda. Mwenye nyumba alinivumilia miezi 3, naye ana watoto wa kusomesha, nikamkabidhi ufunguo wake kwa amani.

Sasa sikiliza hili. Mitaa miwili kutoka kiwandani kuna kituo cha kuwahudumia watu wasio na makazi. Ni wateja wetu. Kila baada ya miezi michache wanaleta oda ya vipeperushi. Safari iliyopita mashine ya kukunja iliharibika, vipeperushi 3,000 nikavikunja kwa mkono, kila kimoja mikunjo miwili. Mbele vimeandikwa: “Huna pa kulala leo? Njoo tuzungumze.” Maneno hayo yamepita chini ya kidole gumba changu mara 3,000. Afisa wao, dada mmoja mpole, alikuja kuchukua mzigo. Ananijua kwa jina. Akasaini, akaniambia, “Asante kaka, hivi vinawafikia watu kweli.” Nikamjibu, “Mungu awabariki.”

Nimefika mlangoni kwao mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa magharibi, nikakuta foleni: wazee, mama mwenye mtoto mgongoni, kijana anaongea peke yake, kila mtu na mfuko wake. Nikajisemea, hawa ndio wenye shida, mimi nina kazi. Nikichukua kitanda pale, si namnyang'anya yule mama? Mara ya pili nilimwona yule afisa kupitia dirishani, nikageuza. Akiniona kwenye foleni leo, kesho atakuja kuchukua mzigo kwa uso gani, na mimi nitamkabidhi kwa uso gani? Na akimtajia bosi? Nikipoteza kazi hii ndiyo basi tena.

Halafu kuna binti. Shule zinafungwa wiki 6 zijazo na anataka likizo aje kukaa kwangu. Nilishamwambia bomba limepasuka, nikamwambia tena chumba kinapakwa rangi. Akacheka: “Baba, hicho chumba kina mikosi.” Juzi kwenye simu akaniuliza polepole, “Baba, una mtu huko?” Anadhani nimeoa na ninamficha. Nikaona afadhali aamini hivyo. Sikukataa.

Nasikia pia kwamba watu wa ustawi wa jamii wakijua mzazi hana nyumba, mtoto anachukuliwa. Sijui kama ni kweli, lakini usiku ukiwa peke yako gizani kila kitu ni kweli.

Niende kituoni? Nimwambie bosi? Au nivumilie miezi 14 iliyobaki, maana 7 nimeiweza? Na binti nimwambie nini?

Mkunja karatasi

*

Kaka yangu,

Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kila mara nakwama pale binti anapouliza kama una mtu huko. Nitafika hapo. Kwanza niseme nilivyokuelewa, na nikikosea unirekebishe.

Huniulizi kama kituo kinasaidia watu. Hilo unalijua kuliko mimi. Unachouliza ni kama mlango ule ni wako pia, na ukishaupita, kesho yake utarudi kazini ukiwa yule yule aliyesifiwa kwa unadhifu au ukiwa mtu mwingine. Swali la binti umeliweka karibu na mwisho, lakini nahisi ndilo lililokufanya ushike kalamu. Miezi 7 uliivumilia bila kuniandikia. Umeandika baada ya ile simu.

Wengine hapa wangekutupia methali ya mficha maradhi. Mimi siitaki. Hukuficha kwa kiburi, ulificha ili mshahara uendelee kuingia, na umeingia kweli. Ila kuna mambo kadhaa unayoyachukua kama yamethibitishwa, nami ningependa tuyageuze upande wa pili pamoja.

La kwanza ni ile foleni. Uliona mifuko, mzee, mama na kijana, ukajua hao ndio wenye shida. Umejuaje kwamba hakuna mwingine pale aliyetoka kazini jioni ile? Shati lako likiwa limenyooka hivyo, ungesimama kwenye ile foleni na mtu wa ng'ambo ya barabara asingejua wewe ni nani. Wanaofanya kazi hii waliacha zamani kuhesabu wanaolala barabarani peke yao. Huko Ulaya, shirikisho la mashirika yanayohudumia wasio na makazi, liitwalo FEANTSA, lilitoa mwaka 2005 mgawanyo wa makundi manne: wasio na paa kabisa, wenye paa la muda lakini hawana nyumba, wenye makazi yasiyo na uhakika, na wanaoishi mahali pasipofaa kuishi binadamu. Stoo ya karatasi haikujengwa ili mtu alale. Sikuambii hivi ili nikubandike jina usilolitaka. Nakuambia kwa sababu umejitoa mwenyewe kwenye hesabu ambayo wenye kazi yao wangekuingiza bila kusita.

La pili ni kitanda. Umechukulia kwamba kituo ni kitanda, na kitanda kimoja kina mgongo mmoja. Ndiyo, pale penye vitanda vichache hofu yako ina msingi, na nakuheshimu kwa kumfikiria yule mama kabla yako. Lakini wewe mwenyewe umesema vipeperushi vina mikunjo miwili. Karatasi yenye mikunjo miwili ina kurasa 6, kaka, hilo nimefundishwa na barua yako. Umenitajia ukurasa mmoja, ule wa mbele. Mitano mingine inasemaje?

Nauliza kwa sababu huduma za aina hii huwa na mambo mengi ambayo hayachukui kitanda cha mtu. Kuna mahali pa kuoga na kufua mchana. Kuna kabati la kufunga kwa kufuli, kuna anwani ya kupokelea barua, kuna kusaidiwa kupata vitambulisho vilivyopotea. Vipo vituo vyenye mwanasheria wa siku fulani za wiki au mshauri wa madeni, na vipo vinavyozungumza na wenye nyumba kwa niaba ya mpangaji, au vinavyomchangia mtu amana na kodi ya mwezi wa kwanza. Si kila kituo kina yote haya, na fedha za amana huisha haraka. Lakini mtu mwenye mshahara wa kila mwezi, mwenye miaka 19 kazini, aliyekwama kwa sababu hawezi kukusanya fedha za kuingilia chumba, ni mtu ambaye kituo kinaweza kumsaidia bila kumgusa yule mama wala kitanda chake. Huenda ukahitaji mazungumzo mawili matatu na karatasi moja ya kusaini. Huenda pia ukaambiwa hakuna. Hujauliza bado.

Nimesikia katika barua yako neno ambalo hukuliandika: kustahili. Kwa miaka mingi huduma hizi zenyewe zilikwenda kwa ngazi. Mtu alitakiwa kwanza aache pombe au atulie akili, ndipo apewe bweni, kisha chumba, na mwisho kabisa nyumba, kama zawadi ya kufaulu. Mwaka 1992 huko New York mwanasaikolojia Sam Tsemberis na wenzake walianza kufanya kinyume: mtu apewe nyumba kwanza, hayo mengine yafuate akiwa na mlango wake. Kanada ikalijaribu jambo hilo katika miji 5 kuanzia mwaka 2009 hadi 2013, kwa watu zaidi ya 2,000, na waliopewa nyumba kwanza walidumu kwenye makazi kuliko walioachwa na huduma za kawaida. Wenyewe wamekuwa wakiuondoa mtihani, wewe umejitungia mwingine wa kwako na ukajifelisha.

Sasa yule afisa. Unaogopa uso wake, na sitakuambia aibu ni upuuzi. Aibu ina uzito wake, na huenda siku ya kwanza ikawa mbaya kama unavyoifikiria. Lakini kuna njia zaidi ya kusimama kwenye foleni magharibi. Unaweza kupiga simu bila kutaja jina na kuuliza tu: habari za mtu anayekuja kwenu mnazihifadhi vipi, nani anaziona, ni lini mnalazimika kumwambia mtu mwingine? Wahudumu wa kada hiyo kwa kawaida wamefungwa na usiri, na ipo mipaka yake, hasa maisha ya mtu au usalama wa mtoto ukiwa hatarini. Uliza mipaka hiyo kabla hujaeleza lolote, si baada. Unaweza pia kutafuta kituo kingine upande mwingine wa jiji, gharama yake ikiwa nauli na umbali. Au unaweza kumwambia yeye yeye, siku anapokuja kuchukua mzigo, wakati mnahesabu mafurushi wawili peke yenu. Mtu anayeshinda na watu waliokosa makazi huenda asishangae kama unavyodhani. Wewe ndiye unayemjua, pima.

Kuhusu bweni lenyewe, nisikupambie. Mabweni mengi yana saa ya kufunga geti na saa ya kutoka asubuhi. Wewe unafunga kiwanda jioni na kukifungua alfajiri, saa hizo zinaweza kugongana. Watu wanakoroma, wengine wanapiga kelele usingizini, viatu hupotea. Vipo vinavyowapa wafanyakazi ruhusa maalumu ya kuchelewa wakileta barua ya mwajiri, na barua ya mwajiri ndiyo hiyo hiyo unayoikwepa. Inawezekana kabisa usiku wa kwanza bwenini ukaikumbuka stoo.

Ila hapo kwenye stoo niruhusu nipandishe sauti kidogo. Kiwanda cha uchapaji kina wino na dawa za kusafishia mashine, thina na jamii yake. Mvuke wa dawa hizo nyingi ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutulia sakafuni, na wewe unalala sakafuni, milango imefungwa. Umezungukwa na karatasi. Ukizuka moto usiku, hakuna mtu duniani anayejua kwamba ndani kuna mtu wa kutolewa. Ukiumwa ghafla, atakayekukuta ni wa kufungua asubuhi, na anayefungua asubuhi ni wewe. Kwa hiyo unaposema uvumilie miezi 14, usiihesabu kama njia isiyo na hatari eti kwa sababu hakuna mtu wa kumkabili. Kama utaichagua hata kwa wiki chache, basi angalau mtu mmoja ajue unapolala, makopo ya dawa yafungwe na yakae mbali na makatoni yako, na usiwashe moto wa aina yoyote mle ndani.

Bosi. Hapa kuna mambo mawili, nawe umeyafunga fungu moja. Kukosa nyumba si kosa la kazini. Kulala kiwandani bila ruhusa, kwa funguo ulizoaminiwa, kunaweza kuhesabiwa kosa, na akikugundua mwenyewe saa 5 usiku mazungumzo yatakuwa tofauti na ukimwambia wewe saa 4 asubuhi. Wapo mabosi ambao wangemkopesha mtu wa miaka 19 amana ya chumba. Wapo ambao wangebadilisha kufuli siku hiyo hiyo. Simjui wako. Ukiamua kumwambia, huenda ikafaa uwe umeshaonana na mshauri wa sheria za kazi, na uende na mpango mkononi: nimekwama hivi, nimezungumza na watu hawa, nahitaji muda huu. Unaweza pia kutafuta pa kuhamia kwanza na usimwambie kamwe. Sidhani kama kila ukweli una anwani ya kila mtu.

Na huo mkopo, kaka, mbona umeupitia haraka hivyo? Nusu ya mshahara ndiyo kodi yako ya nyumba. Mkopeshaji anaweza kuombwa arefushe muda ili makato yapungue. Akikataa hujapoteza kitu, akikubali utalipa kwa miaka mingi zaidi na pengine riba zaidi, lakini utalipa ukiwa umelala kitandani. Tena, katika sheria za nchi nyingi mdhamini aliyelipa deni ana haki ya kumdai aliyekopa. Tunza kila karatasi ya makato. Rafiki ametoweka, hajafa.

Nije kwenye mtoto. Hofu ya kunyang'anywa usiibebe gizani peke yako. Mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha miongozo kuhusu malezi mbadala ya watoto, na humo limeandikwa waziwazi kwamba umaskini wa fedha na mali peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtoa mtoto kwa mzazi. Miongozo si sheria ya kila nchi, kwa hiyo ulizia za kwenu kabla ya kutaja jina lake popote. Lakini tazama hali yenyewe: binti yako analala kitandani, anasoma, analelewa na mama yake mdogo kwa ridhaa yako. Hayo uliyapanga wewe, na uliyapanga vizuri.

Anachokosa ni kingine. Umeona afadhali aamini una mwanamke. Hebu kaa kwenye kiti chake kidogo. Mama yake amefariki miaka 4 tu. Baba hataki afike nyumbani. Akiuliza kama kuna mtu, baba ananyamaza. Wewe ulidhani unamkinga na fedheha, naye huenda analala akidhani nafasi yake imechukuliwa. Je, una hakika kwamba hiyo ni nyepesi zaidi kuibeba kuliko kujua kwamba baba alimdhamini rafiki akatapeliwa?

Sisemi umwambie. Miaka 16 ni umri mgumu. Anaweza kukasirika, na hasira hiyo ikawa zaidi kwa ajili ya bomba na rangi kuliko kwa ajili ya nyumba. Anaweza kutaka kuacha shule atafute kazi, na hilo utalazimika kulizuia ukiwa huna nguvu. Unaweza kuanza na shemeji, mtu mzima mwenzako, mkashauriana kiasi gani kisemwe na nani akiseme. Shemeji naye anaweza kukulaumu, au akakwambia njoo ulale sebuleni, jambo ambalo nadhani unaliogopa kuliko lawama. Unaweza kumwambia binti nusu tu: sina mtu, nina deni, chumba nimekirudisha, natafuta kingine. Kila neno hapo ni kweli, na hukumtajia makatoni. Na kuhusu likizo, je, aliomba chumba au alikuomba wewe? Mchana ni mrefu, na wiki 6 zinatosha kuomba ruhusa ya siku chache.

Sina jibu moja la kukupa. Ukiniuliza lipi lije kwanza ningesita kati ya simu mbili, ya kituoni isiyo na jina na ya shemeji, na sidhani kama ungekosea kwa kuanza na yoyote.

Barua yako haina anwani ya mtumaji, na sasa naelewa sababu. Ukipata pa kupokelea barua, hata kama ni kaunta ya kituo, niandikie. Nataka pia kujua zile kurasa 5 zinasemaje.

Dada yako mshauri